Mpulizo Mmoja ni Kiasi Gani? Historia ya Kipimo cha Dawa ya Pumu na Maneno Yake

Miongoni mwa maneno yanayoletwa mbele ya wanaistilahi ili yatafutiwe Kiswahili chake, yapo ambayo kosa lake humchekesha msomaji tu, na yapo ambayo kosa lake humdhuru. Karatasi ndogo inayokunjwa ndani ya paketi ya dawa imo katika kundi la pili. Mfasiri aliyezoea hotuba, miswada ya sheria na vitabu vya shule huiona karatasi hiyo kuwa kazi nyepesi: sentensi zake ni fupi, vitenzi vyake ni vya kuamuru, na nusu yake ni tarakimu. Lakini ni katika wepesi huo ambamo mfasiri hutegwa. Katika makala haya tumekusudia kuichukua dawa moja, ile ya kuvuta kwa mdomo ambayo wagonjwa wa pumu hutembea nayo mfukoni, tueleze jinsi kipimo chake kilivyopata umbo lililo nalo leo, kisha tuyatazame maneno ambayo Kiswahili hutumia kukitaja. Tumeichagua kwa sababu historia yake yaonyesha, kwa gharama ya maisha ya watu, lile linalotokea pale ambapo jina la kipimo hubaki lile lile na kiasi chenyewe kikabadilika.

Kiswahili hakikungoja hospitali ili kiujue ugonjwa huu. Neno pumu lina undugu wa wazi na pumua, pumzi na pumzika, hata mtu aweza kusema kwamba katika lugha yetu kupata nafuu na kupata pumzi ni jambo moja. Mgonjwa husema kifua kimembana. Jirani yake husema anatweta, au anahema juu juu. Na shambulio likiisha husemwa kwamba kifua kimefunguka. Msamiati huu ni sahihi kuliko ule ambao baadhi ya wafasiri wameuunda mezani. Tumepata kuona dawa za aina hii zikiitwa dawa za kupanua mapafu. Jina hilo lapotosha. Katika shambulio la pumu misuli iliyozunguka vijia vidogo vya hewa hujikaza, utando wa ndani huvimba, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia, lakini kutoka huwa ni kwa taabu. Basi mapafu hujaa hewa isiyotoka, yakawa yamepanuka kupita kiasi kabla dawa haijafika. Kinachotakiwa kupanuliwa ni vijia, nayo dawa hufanya hivyo kwa kuilegeza misuli. Kwa maandishi ya kitaalamu, basi, dawa ya kutanua vijia vya hewa inafaa. Na kwa karatasi ya mgonjwa, dawa ya kufungua kifua inatosha, wala haina haja ya kuboreshwa na kamati yoyote.

Zamani dawa za kufungua kifua zilikuwako, ila hazikuwa na kipimo cha kuaminika. Wachina walitumia tangu kale mmea waitao ma huang, ambao kutokana nao Nagai Nagayoshi wa Japani alipata efedrini mwaka 1885; dawa hiyo ikaenea katika hospitali za magharibi baada ya kazi ya Chen na Schmidt huko Peking mnamo 1924. Kutoka Bara Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walijifunza kuvuta moshi wa majani ya datura, mmea wa ukoo wa ule uitwao mnanaha katika pwani yetu, na sigara za pumu zikauzwa madukani Ulaya hadi ndani ya karne ya 20. Hapa tutaje kwa kupita kwamba kitenzi kuvuta, ambacho wengine hukikataa kwa sababu chafanana na kuvuta sigara, kina haki ya kihistoria ya kuwapo katika uwanja huu: dawa ya kuvuta ilianza kwa kuvutwa kama sigara. Lakini sigara moja ya datura ilikuwa na dawa kiasi gani? Hapakuwa na jibu, kwa kuwa nguvu ya jani hutegemea udongo, majira na umri wa mmea. Mgonjwa alivuta hadi kifua kifunguke, au hadi kichwa kizunguke na macho yaone giza, lolote litakalotangulia.

Adrenalini, ambayo Takamine Jokichi aliitoa katika umbo safi mwaka 1901, ilianza kudungwa kwa wagonjwa wa pumu mjini New York mwaka 1903. Nayo teofilini, ambayo Albrecht Kossel aliipata katika majani ya chai mwaka 1888, ilikuja kuwa dawa ya kawaida ya karne ya 20. Hiyo ya mwisho ilifundisha adabu ya kipimo kwa ukali. Kwa muda mrefu madaktari walishika kwamba kiasi kinachofaa katika damu ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Chini ya hapo faida ni ndogo, na juu ya hapo mgonjwa hutapika, moyo huenda mbio, na mwishowe mwili hutukutika. Dawa yenye uwanja mwembamba namna hiyo haikubali maneno kama kiasi cha kutosha.

Mwaka 1956 ndio uliobadili mambo. Kabla yake, aliyetaka kuvuta dawa ya maji alitumia kichupa cha kioo chenye mpira wa kuminya kwa mkono, naye aliminya kwa nguvu alizokuwa nazo siku hiyo. Yasimuliwa kwamba binti wa George Maison, aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha dawa cha Riker huko Marekani, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isiwekwe katika mkebe wa kubonyeza kama vile dawa ya nywele. Mafundi wa kiwanda wakachukua vali ndogo ambayo ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya marashi, yenye kutoa kiasi kile kile kila inapobonyezwa, wakaiunganisha na mkebe wenye gesi ya kusukuma. Chombo hicho, Medihaler, kilitolewa kikiwa na adrenalini na pia isoprenalini, dawa mpya zaidi iliyokuwa imetengenezwa katika miaka ya 1940.

Tuitazame vali hiyo kwa jicho la mwanaistilahi. Kwa mara ya kwanza mgonjwa hakuwa na haja ya kupima chochote. Mashine ilimpimia, yeye akabakiwa na kuhesabu. Badala ya matone, chembe au vijiko, kikazaliwa kizio kipya: mbonyezo mmoja, mpulizo mmoja. Hiki ni kizio cha ajabu. Kilo ni kilo dukani na bandarini. Mpulizo hauna uzito wa kwake. Uzito wake ni ule ambao kiwanda kimeuweka ndani ya vali. Mpulizo wa mkebe huu na mpulizo wa mkebe ule huitwa kwa jina moja, huhesabiwa kwa tarakimu moja, na huenda mmoja ukawa mara tano ya mwenziwe.

Na ndivyo ilivyotokea. Mkebe wa kawaida wa isoprenalini ulitoa mikrogramu 80 kwa kila mpulizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaletwa katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, mkebe wa aina ya pili ulioongezewa neno la Kilatini lenye maana ya nguvu, nao ulitoa mikrogramu 400. Umbo lake lilikuwa lile lile, na mkono wa mgonjwa ulikuwa na mazoea yale yale. Kisha katika Uingereza na Wales vifo vya pumu, ambavyo kwa miaka mingi havikuwa vimebadilika sana, vikaanza kupanda. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 34 vilikaribia kuwa mara tatu kati ya 1959 na 1966. Kwa watoto wa miaka 10 hadi 14 vilipanda karibu mara nane. Speizer, Doll na Heaf walilichapisha jambo hilo mwaka 1968, na mwaka uliofuata Inman na Adelstein wakaonyesha kwamba mchoro wa vifo na mchoro wa mauzo ya mikebe hiyo vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Onyo lilikwisha kutolewa kwa madaktari mwaka 1967, na mwishoni mwa 1968 mikebe ikaacha kuuzwa bila cheti cha daktari. Vifo vikashuka.

Wapo waliobisha, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema kwamba huenda mkebe haukuua kwa sumu yake, bali kwa kumpa mgonjwa nafuu fupi iliyomfanya achelewe kwenda hospitali, huku uvimbe ndani ya kifua ukiendelea. Mwaka 1972 Paul Stolley akaongeza jambo la maana: nchi ambazo mkebe wa nguvu haukuuzwa, kama vile Marekani, hazikupatwa na ongezeko hilo, ingawa mkebe wa kawaida ulikuwamo madukani. Hadi leo wataalamu hugawanya lawama baina ya sababu hizo mbili. Sisi twaona kwamba kwa mfasiri sababu zote mbili zaelekea mahali pamoja. Mtu aliyeambiwa avute mara mbili na akavuta mara mbili alitii. Karatasi yake haikumwambia kwamba mbili za leo ni kumi za jana.

Wakati huo huo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Isoprenalini ilikuwa na kasoro ya kuuchochea moyo pamoja na kufungua kifua, na nguvu yake ilikwisha upesi. Katika maabara ya Allen & Hanburys mjini Ware, Uingereza, David Jack na wenzake walitafuta dawa itakayogusa vijia vya hewa zaidi kuliko moyo. Mwaka 1966 walipata salbutamoli, na mwaka 1969 ikatolewa kwa jina la biashara la Ventolin. Mpulizo wake ulipangwa uwe mikrogramu 100. Huanza kazi kwa dakika chache, na nafuu yake hudumu kwa muda wa saa nne hadi sita. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, salbutamoli ilikuwamo.

Juu ya majina ya dawa hiyo tungeweza kuandika makala nyingine. Shirika hilo la Afya liliamua mwaka 1950 kuweka utaratibu wa majina ya kimataifa ya dawa, yasiyo mali ya kiwanda chochote, na orodha ya kwanza ikatolewa mwaka 1953. Salbutamoli ni jina la utaratibu huo. Wamarekani hata hivyo waliichagulia jina lao, albuteroli, kama vile waitavyo epinefrini kile ambacho Waingereza hukiita adrenalini. Msomaji wa Kiswahili asiyeambiwa aweza kudhani kuwa ni dawa mbili, akatumia zote. Msimamo wetu ni kwamba Kiswahili kishike jina la kimataifa na kulipa irabu yake ya mwisho, basi. Kuhusu Ventolin, watu wamekwisha kuifanya jina la kila mkebe wa pumu, kama walivyofanya kwa bidhaa nyingi nyingine, wala hatuna uwezo wa kuwakataza. Lakini katika maandishi ya huduma za afya haifai, kwa sababu ambayo tutaieleza punde.

Kabla ya hapo, tuseme maneno machache juu ya New Zealand, kwa kuwa somo la Uingereza lilirudiwa huko miaka michache tu baadaye. Mwaka 1976 iliingizwa nchini humo dawa ya ukoo wa salbutamoli iitwayo fenoteroli. Mpulizo wake mmoja ulikuwa mikrogramu 200. Vifo vya pumu vikapanda haraka, vikawa vya juu kuliko vya nchi nyingine zilizofanana nayo. Mwaka 1989 Julian Crane na wenzake walichapisha uchunguzi uliowalinganisha waliokufa na wagonjwa wenzao waliobaki hai, wakaihusisha fenoteroli na vifo hivyo. Serikali ikabana matumizi yake, na vifo vikapungua. Kwa mara nyingine tena mipulizo miwili iliandikwa kwa wino ule ule, na kiasi kikawa maradufu.

Sasa twende kwenye lugha yetu.

Neno la kwanza ni dozi. Limetoka Kiingereza, nalo limekaa sana katika Kiswahili hata hakuna anayelitilia shaka. Ila katika safari yake limebadili maana, na wafasiri wengi hawakuliona badiliko hilo. Huko lilikotoka ni kiasi cha dawa kinachotumiwa mara moja. Kwetu, mtu akisema amepewa dozi ya malaria, ana maana ya dawa zote alizokabidhiwa, za siku tatu au zaidi. Na mwuguzi anapomwambia amalize dozi, amwambia asiache vidonge nusu njiani. Maana hii imejengwa na kampeni za afya za miaka mingi, na imeokoa watu. Hatuoni sababu ya kuivunja. Lakini itazame inapokutana na dawa ya kufungua kifua. Dawa hii haina mwisho wa kumalizwa. Hutumiwa kifua kibanapo, na kisipobana huachwa. Mkebe mmoja kwa kawaida una mipulizo 200. Ni ipi dozi yake? Mgonjwa mtiifu aliyeambiwa amalize dozi, na mfasiri aliyeandika usizidishe dozi mbili kwa siku, wote wawili wanasema Kiswahili safi na hawasikilizani.

Badala yake, kwa kiasi cha mara moja, tunapendekeza kipimo. Twajua kwamba nalo lina mzigo wake, kwani maabara imelichukua kwa maana ya uchunguzi, na mgonjwa huambiwa aende akafanye vipimo. Hata hivyo katika sentensi kamili hatari ni ndogo: kipimo cha dawa hakichanganyiki na kipimo cha damu. Dozi na ibaki kwa jumla ya matibabu yenye mwanzo na mwisho. Na kwa kiasi kisichoruhusiwa kupitwa katika siku nzima tuna neno zuri ambalo halitumiki vya kutosha, nalo ni kikomo.

Neno la pili ni mara. Katika maduka yetu ya dawa bahasha huandikwa 1 × 3, na muuzaji husoma moja mara tatu, na kila mtu humwelewa. Utaratibu huo ni mzuri kwa vidonge, kwa maana kidonge ni kitu kinachoonekana. Mkebe wa kuvuta hauna kitu cha kuonekana. Tumeona maelekezo yasemayo vuta mara mbili mara nne kwa siku. Je, ni mipulizo minane? Au ni mara mbili, na ikibidi hata mara nne? Ndiyo maana twasisitiza kwamba kizio kiwe na nomino yake, yaani mpulizo, na mara ibakie kwa nyakati za kutumia. Mipulizo miwili, si zaidi ya mara nne katika saa ishirini na nne. Hivyo ndivyo watengenezaji wengi waandikavyo kikomo cha kawaida cha mtu mzima anayetumia mkebe wa mikrogramu 100, na sentensi hiyo haina upande wa kuteleza. Hospitalini, katika shambulio kali, daktari aweza kuagiza mipulizo 4 hadi 10, ikarudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza, lakini hapo mgonjwa yuko machoni pake.

Wenzetu wawili watatu hupendelea mvuto. Tumelifikiria, tukaona kwamba mvuto umekwisha kupewa kazi na walimu wa fizikia. Lakini hoja yao ina ukweli mmoja ambao mfasiri hana budi kuushika: chombo hupuliza, mtu huvuta. Kupuliza katika matumizi ya kawaida ni kutoa pumzi nje, au kunyunyiza dawa ya mbu na ya mashambani. Karatasi inayosema puliza mara mbili mdomoni itafuatwa jinsi ilivyoandikwa: dawa itaupaka ulimi, na kifua kitabaki kimebana. Kwa hiyo katika amri kitenzi kisiwe puliza kamwe. Tikisa mkebe, toa pumzi, bana mdomo wa chombo kwa midomo, anza kuvuta pumzi polepole na hapo hapo ubonyeze mara moja, vuta hadi mwisho, zuia pumzi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha ndipo mpulizo wa pili. Hata ikifanywa vyema, sehemu ndogo tu ya dawa hufika mapafuni, nyingine humezwa. Ikifanywa vibaya haifiki kabisa, na mgonjwa hudhani dawa imekwisha nguvu, akaongeza.

Kisha kuna saa. Maelekezo ya kila baada ya saa nane yakisomwa kwa mtu wa kwetu huweza kumpeleka saa nane ya mchana, kwa kuwa sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Watu wa mtaani wamejitafutia dawa ya utata huo: saa nane kwao ni wakati, na masaa manane ni muda. Wasanifu wa lugha, tukiwamo sisi, wamelipiga vita neno masaa kwa hoja ya ngeli, na kwa insha ya shule hoja hiyo tunaishikilia. Lakini mwenye kuandika karatasi ya dawa asiyetaka masaa basi na aandike muda wa saa nane, kwa ukamilifu, kila mahali, bila kuchoka. Vivyo hivyo kutwa. Kutwa mara tatu ni usemi uliozoeleka, ila asili yake ni mchana, na pumu hupenda usiku wa manane na kabla ya alfajiri. Kikomo cha mipulizo kilichoandikwa kwa kutwa humwachia mgonjwa usiku mzima usio na hesabu.

Tumefika penye hatari kubwa kuliko zote, nayo ni gramu na visehemu vyake. Salbutamoli hiyo hiyo ina umbo la vidonge vya miligramu 2 na 4, ina maji ya mashine ya mvuke ambayo mgonjwa hupewa miligramu 2.5 hadi 5, na ina mkebe wa mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kimebeba dawa sawa na mipulizo 40. Sababu yake si siri: kidonge hupita tumboni na katika damu hadi kila kiungo, hivyo mikono hutetemeka na moyo hudunda, wakati mpulizo hupelekwa karibu na mahali penye ugonjwa. Orodha za karibuni za Shirika la Afya Duniani zimekwisha kuviacha vidonge hivyo, lakini madukani bado vimo. Hapa ndipo lilipo tatizo la kusema Ventolin mbili. Mbili za nini?

Nayo maneno mikrogramu na miligramu, yakiisha kuvikwa vazi la Kiswahili, yamefanana kama pacha, na baina yao mna tofauti ya mara elfu moja. Mashine za chapa za zamani hazikuwa na herufi ile ya Kiyunani ya kufupishia mikrogramu, na mpiga chapa aliyeiacha alizalisha uongo wa mara elfu kwa pigo moja. Waingereza katika mwongozo wao wa dawa huagiza mikrogramu iandikwe kwa ukamilifu, isifupishwe. Agizo hilo tulichukue kama lilivyo. Kuna pendekezo kwamba tuandike maikrogramu, kama watu watamkavyo, ili neno liachane na pacha wake tangu silabi ya kwanza. Kwa maandishi ya sayansi twasita, kwa kuwa tuna mikroskopu na mikrofoni tayari. Kwa karatasi ya mgonjwa tunalipenda.

Yamezuka mambo mapya pia. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la miongozo ya pumu lilibadili shauri la nusu karne: halikubali tena kwamba mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake, kwa kuwa hulegeza misuli na kuuacha uvimbe. Hutakiwa pamoja nayo dawa ya kuvuta yenye kupunguza uvimbe. Jopo hilo lilitaja pia hesabu ambayo hata mwalimu wa darasa aweza kuifuatia kwa mwanafunzi wake: anayemaliza mikebe mitatu au zaidi ya mipulizo 200 kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya mashambulio, na anayefikia kumi na miwili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mkebe mwepesi umekuwa kipimo cha ugonjwa.

Mgawanyo huo wahitaji majina mawili. Wengine wameandika dawa ya kutuliza na dawa ya kudhibiti. Kutuliza hatukukubali, kwa kuwa dawa za kutuliza kwa watu wetu ni za maumivu, na kwa wauguzi ni za usingizi, na dawa ya usingizi kwa mtu aliyebanwa na pumu ni jambo la kuogopwa. Kudhibiti ni neno la ofisini. Dawa ya kufungua na dawa ya kukinga hueleweka tangu mara ya kwanza, na mgonjwa mwenyewe aweza kuzitofautisha: moja huisikia ikifanya kazi, nyingine haisikii kitu na hushawishika kuiacha.

Limebaki neno moja ambalo tumeombwa kulitafutia Kiswahili, la kile kifaa kiwekwacho kati ya mkebe na mdomo ili dawa ipoe na kutulia kabla ya kuvutwa. Husaidia hasa watoto, ambao hawawezi kuoanisha kidole na pumzi. Yameletwa kitenganishi, kipishanisho na mengine ya namna hiyo. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa mkebe na kubanwa isipitishe hewa, yafanya kazi kama kifaa cha dukani. Tumewauliza wauguzi kadhaa wanakiitaje wanapomwelekeza mama wa mtoto. Wanakiita chupa. Katika orodha yetu tumeandika chupa ya kuvutia dawa, na hayo mengine tumeyafuta.